"Mwacheni babu apumzike": historia ya ushauri uliowakalisha wagonjwa wa Parkinson

1/9

Hapa tumeongea sana habari za watoto: chanjo, homa, maziwa. Leo nataka tugeuke tumwangalie yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pale barazani. Babu. Au bibi. Yule ambaye mkono wake mmoja unatetemeka akiwa ametulia tu, uso hauoneshi furaha hata ukimchekesha, hatua zimekuwa fupi fupi, na kufunga kifungo kimoja cha shati kunamchukua dakika nzima.

Kwenye nyumba zetu mtu huyo anapendwa sana. Akitaka kunyanyuka, watu watatu wanaruka: "Kaa babu, kaa! Unataka nini? Maji? We mtoto, mletee babu maji!" Babu anakaa. Kesho hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Mwaka ukiisha, hata kwenda chooni anashikwa mkono huku na huku.

Mimi mwenyewe nilishawahi kutoa ushauri huo, tena nikiwa ndani ya sare. Mwaka wangu wa kwanza kazini, binti mmoja alimleta baba yake mwenye Parkinson akaniuliza, "Sista, nyumbani tumfanyie nini?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Mwacheni mzee apumzike." Walirudi baada ya miezi kadhaa. Mara ya kwanza mzee aliingia kwa miguu yake. Safari hii aliingia amebebwa.

Sisemi ni maneno yangu peke yake yaliyomkalisha. Ugonjwa nao ulikuwa unaendelea. Lakini maneno yangu yalikuwemo.

Baadaye nilipoanza kusoma historia ya ugonjwa huu, nikakuta kumbe ushauri ule haukuwa wangu. Ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Basi nataka niwasimulie ulitoka wapi, ulipingwa vipi, na kwa nini leo hatuutoi tena. Chukua chai yako, ni posti tisa.

2/9

Tuanze na jina. Parkinson si jina la mdudu wala la kemikali. Ni jina la mtu. James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755, mtaa wa Hoxton, London, na ndiyo maana kila 11 Aprili dunia inaadhimisha Siku ya Parkinson. Alikuwa tabibu wa mtaani, wa aina ile anayejua kila nyumba na kila mgonjwa. Pia alikuwa na mdomo: aliandika vijitabu vya kutetea wanyonge kwa jina la bandia.

Mwaka 1817, akiwa ameshapita miaka 60, alitoa kitabu kidogo kuhusu alichokiita "kupooza kwa kutetemeka". Ndani yake kulikuwa na wagonjwa 6 tu. Na wala wote hawakuwa wagonjwa wake. Wengine alikutana nao njiani akawasimamisha na kuwauliza maswali. Mmoja alimwona kwa mbali tu.

Huyo wa mbali ndiye nataka umkumbuke. Alikuwa hawezi kutembea kawaida; akiondoka, anaondoka kwa mbio. Parkinson aliona msaidizi wake amesimama mbele yake, amemwekea mkono kwenye kila bega. Wakawa wanayumba taratibu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka mgonjwa akapata mizani. Akishaipata, anatoa neno, na hapo hapo anaondoka mbio. Msaidizi anampisha, anakimbia kwa mbele yake, na baada ya hatua kama 20 anakuwa tayari kumdaka asianguke.

Dawa ambayo Parkinson mwenyewe aliipendekeza ilikuwa kutoa damu shingoni na kupaka vitu vya kutoa malengelenge kwenye ngozi. Hakuna anayefanya hivyo leo. Lakini nenda idara ya fiziotherapia ukaulize mgonjwa afanye nini miguu ikiganda sakafuni. Utaambiwa: asilazimishe, asimame vizuri, ayumbishe uzito, kisha ajipe amri na kuondoka. Yaani karibu kile kile alichokifanya yule msaidizi miaka 200 iliyopita, bila shule yoyote ya tiba.

Daktari tunamtaja kila siku. Jina la msaidizi hakuna aliyeliandika.

3/9

Sasa tuvuke maji twende Paris. Nusu karne baada ya kitabu kile, kulikuwa na hospitali kubwa inaitwa Salpêtrière. Usiifikirie kama hospitali ya leo, ya kuingia na kutoka. Ilikuwa makazi ya maelfu ya wanawake, wengi wazee na maskini, ambao walizeekea humo humo. Daktari Jean-Martin Charcot aliwaangalia wanawake hao mwaka hadi mwaka.

Yeye ndiye aliyesema tuache kuuita "kupooza", tuuite ugonjwa wa Parkinson. Sababu yake ni muhimu hata kwako leo. Aliona wagonjwa wengi hawajapooza. Nguvu wanazo. Kinachowashinda ni kuuanzisha mwendo na kuufanya kwa kasi yake. Na wengine hata hawatetemeki.

Hapa ndipo familia zinapogombana. "Asubuhi alinyanyuka mwenyewe, sasa hivi anasema hawezi. Anajideka huyu!" Hajideki, mama. Nguvu ipo, ila kuna saa ubongo unachelewa kuiamuru.

Charcot alisikia jambo jingine kutoka kwa wagonjwa. Waliosafiri muda mrefu kwa treni au gari la farasi walimwambia kwamba wakishuka wanajisikia wepesi, ule ugumu wa mwili umepungua. Daktari mwingine angecheka. Treni za wakati ule zilikuwa zinatikisa mtu mpaka meno. Lakini yeye aliwasikiliza, akaagiza kitengenezwe kiti cha kutikisika, ili mgonjwa apate safari ya treni bila kutoka hospitalini. Mwanafunzi wake, Gilles de la Tourette, aliandika habari za kiti hicho mwaka 1892.

Kilifanya kazi? Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walikirudia kipimo hicho kwa njia za kisasa. Kundi moja likakaa kwenye kiti kinachotikisika, kundi jingine kwenye kiti hicho hicho kikiwa kimezimwa. Makundi yote mawili yakapata nafuu! Maana yake nafuu haikutoka kwenye mtikisiko wenyewe.

Kiti kikashindwa, lakini wazo la kwamba mwendo unaweza kuwa tiba lilikuwa limeshatamkwa. Ila angalia kitu kimoja. Hata hapo Salpêtrière, mgonjwa alikuwa bado amekaa. Kinachotembea ni kiti.

4/9

Sasa tufike kwenye ule ushauri wangu.

Mwaka 1888, London, Dk. William Gowers alikamilisha kitabu kikubwa cha magonjwa ya neva. Madaktari walikitegemea mno hata kikaitwa Biblia ya fani hiyo. Kuhusu mgonjwa wa Parkinson, ushauri wake ulikuwa hivi: aishi maisha ya utulivu na utaratibu, na aepushwe na kazi na mahangaiko kadiri inavyowezekana.

Usimcheke Gowers. Ungekuwa pale ungesema hivyo hivyo. Dawa ya kweli hakuna. Mgonjwa anachoka haraka. Anaanguka. Ukimwona anahangaika kuvaa kiatu kwa dakika kumi, moyo unakuuma, unamvalisha. Ushauri wa kupumzika ulitoka kwenye huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoubeba kitabu hadi kitabu, darasa hadi darasa, mpaka ukanifikia mimi nikiwa na sare yangu mpya.

Tatizo ni kile kinachotokea kwenye mwili uliokalishwa. Misuli ya mapaja inapungua. Magoti na nyonga vinakaza. Mgongo unazidi kuinama. Choo, ambacho Parkinson yenyewe hukifanya kigumu, kinazidi kuwa kigumu. Usingizi wa usiku unaharibika kwa sababu mchana kutwa mtu amesinzia. Kisha familia inasema, "Ona ugonjwa unavyokwenda mbio." Kumbe sehemu ya unachokiona ni ugonjwa, na sehemu ni kiti.

Kuna jambo moja la wakati huo huo ambalo kama muuguzi linanifurahisha. Mwaka 1894, London hiyo hiyo, wauguzi wanne wanawake walianzisha chama cha wakandaji waliosomea, ili kazi ya kukanda na kunyoosha viungo iheshimike na iwe na mafunzo yanayoeleweka. Chama hicho ndicho kilichokua kikawa chama cha wataalamu wa fiziotherapia cha Uingereza. Kwa hiyo ukimwona mtaalamu wa fiziotherapia anamfundisha babu yako kunyanyuka, ujue ukoo wa kazi yake una wauguzi ndani yake.

5/9

Tuingie karne ya 20, na mwaka mmoja hasa: 1967. Mwaka huo yalitokea mambo mawili. La kwanza lilitangazwa dunia nzima, la pili likabaki kwenye vitabu vya wataalamu.

La kwanza ni dawa. Mwaka 1957, Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura kemikali iliyowafanya walale kama magunia, kisha akawapa levodopa, wakaamka. Mwaka 1960, huko Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake walipima ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Parkinson wakakuta dopamini imepungua vibaya. Dopamini ni kemikali ambayo ubongo hutumia kulainisha mwendo, kama mafuta kwenye cherehani. Mwaka 1967, George Cotzias, akifanya kazi New York, akaonesha kwamba dawa ya kundi hilo ikitolewa kwa mdomo kwa dozi kubwa, ikipandishwa polepole, watu waliokaa miaka wananyanyuka. Levodopa mpaka leo ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu.

(Kabla hamjaniandikia: ndiyo, mbegu za upupu zina levodopa. Ndiyo, ule ule upupu unaowasha. Na hapana, usimchemshie bibi. Kipimo chake nyumbani hukijui, na ukichanganya na dawa zake unaweza kumwangusha.)

La pili ni mistari. Daktari wa Kiingereza, James Purdon Martin, alikuwa amewafuatilia kwa miaka mingi watu walioachwa na dalili za Parkinson baada ya lile janga la homa ya ubongo ya usingizi lililoanza kuenea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika kitabu chake cha 1967 alieleza kwamba mtu ambaye miguu imegoma kabisa, ukimchorea sakafuni mistari ya kukatisha njia, anaanza kuivuka, mmoja baada ya mwingine, kama anapanda ngazi.

Kwa nini? Kutembea kwa kawaida hatukufikirii. Mwili unajiendesha huku wewe unawaza bei ya vitunguu. Kwenye Parkinson, ule uendeshaji wa kimya ndio unaoharibika. Lakini ukimpa mtu kitu cha kulenga kwa macho au mdundo wa kufuata kwa masikio, ubongo unapita njia nyingine, njia ya kukusudia, na njia hiyo mara nyingi bado ipo.

Unaweza kukisia nini kilitokea. Kidonge kiliondoka na sifa zote, na ni haki yake. Lakini miaka ilivyopita, watu wakaona mipaka yake. Nafuu inaanza kuisha kabla ya dozi inayofuata. Wengine wanapata mitikisiko ya mwili isiyozuilika. Na mizani ya mwili, ile inayomzuia mtu asianguke, kidonge hakiirudishi vizuri. Hapo ndipo ikabidi madaktari warudi kwenye mwendo.

6/9

Na waliowarudisha, kwa sehemu kubwa, ni wagonjwa.

Mwaka 2003, mtafiti wa Marekani Jay Alberts alishiriki safari ya baiskeli ya kukatisha jimbo zima la Iowa. Alipanda baiskeli ya viti viwili, na nyuma yake alikaa mwanamke mwenye Parkinson. Kwa kuwa pedali za baiskeli hiyo zinazunguka pamoja, yule mama alilazimika kwenda na kasi ya Alberts, kasi ambayo peke yake asingeifikia. Katikati ya safari alisaini kadi, na mwandiko wake ukamshangaza Alberts. Parkinson husinyaza mwandiko, herufi zikawa kama chungu. Sasa ulikuwa mkubwa, unasomeka. Lakini safari ilikuwa ya kuzungusha miguu, wala si mikono!

Alberts hakuishia kushangaa. Mwaka 2009 yeye na wenzake walitoa utafiti mdogo wa watu 10 waliofanya mazoezi ya baiskeli kwa wiki 8. Waliosukumwa waende kasi kuliko walivyozoea, alama za dalili zao za mwendo zilipata nafuu ya asilimia 35. Watu 10 ni wachache, usijenge nyumba juu yao. Lakini mlango ulifunguka.

Mwaka 2010 likaja la Uholanzi. Daktari Bas Bloem alikuwa na mgonjwa wa miaka 58, mwenye Parkinson miaka 10. Miguu yake ilikuwa inaganda kiasi kwamba akijaribu hatua chache anaanguka. Mgonjwa akamwambia, jana tu nimeendesha baiskeli kilomita 10. Daktari hakuamini. Wakatoka nje. Yule bwana akasaidiwa kupanda baiskeli, akaondoka nayo kama kijana anayetumwa dukani, akageuza, akarudi. Aliposhuka, miguu ikaganda tena. Bloem na mwenzake walichapisha kisa hicho kwenye jarida kubwa la tiba pamoja na video yake, na madaktari wengi wakaanza kuwauliza wagonjwa wao swali ambalo hawakuwahi kuwauliza: na wewe, baiskeli bado unaendesha?

Jiulize. Yule mtu angekuwa na familia inayomwambia "kaa tu baba, utaanguka", nani angejua?

7/9

Kuanzia hapo mambo yakaenda haraka, kwa hiyo na mimi naenda haraka.

Mwaka 2001, Brooklyn, New York, kikundi cha ngoma cha Mark Morris kilianza kufundisha wagonjwa wa Parkinson kucheza. Muziki ukawa ile mistari ya Purdon Martin, ila kwa masikio.

Mwaka 2004, Uholanzi walianzisha mtandao wa wataalamu unaoitwa ParkinsonNet, ili mgonjwa ahudumiwe na mtaalamu wa mazoezi aliyeusomea ugonjwa huu hasa.

Mwaka 2006, Indianapolis, Scott Newman, aliyekuwa mwendesha mashtaka, naye akiwa na Parkinson aliyogunduliwa nayo akiwa na miaka 40, alianzisha mazoezi ya ngumi kwa wagonjwa wenzake. Hawapigani. Wanapiga begi, wanasogeza miguu, wanapaza sauti.

Mwaka 2012, Oregon, utafiti wa watu 195 uliangalia tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole. Walifanya mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24. Mizani yao iliimarika, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu.

Mwaka 2018, utafiti mwingine wa Marekani ulichukua watu 128 walio mwanzoni mwa ugonjwa, ambao bado hawajaanza dawa zake. Waliotembea kwa kasi ya kutokwa jasho kwenye mashine ya kukimbilia kwa miezi 6, dalili zao karibu hazikuongezeka. Wale walioendelea na maisha yao kama kawaida, ziliongezeka.

Mwaka 2019, Uholanzi, watu 130: waliopewa baiskeli ya mazoezi nyumbani walifanya vizuri kuliko waliojinyoosha tu. Na mwaka 2023 watafiti walikusanya majaribio 156 ya mazoezi mbalimbali, yenye watu karibu 8,000. Jibu lao: mazoezi ya karibu kila aina yanasaidia mwendo, na hakuna ushahidi wa kutosha kusema aina moja inaziacha nyingine mbali.

Hilo la mwisho ni habari njema kwetu. Maana yake huhitaji mashine. Unahitaji zoezi ambalo babu atalifanya leo, na kesho, na mwezi ujao.

Niwe mkweli pia. Mazoezi hayaponyi Parkinson. Hakuna aliyethibitisha kwamba yanausimamisha ugonjwa wenyewe ndani ya ubongo. Na hayachukui nafasi ya dawa. Mtu asije akaniambia "sista alisema tuache vidonge tucheze ngoma". Sijasema!

8/9

Na sisi huku?

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulifanyika utafiti wa kupita nyumba kwa nyumba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Kati ya watu 161,071 walipatikana 33 wenye Parkinson. Wengi wao, zaidi ya robo tatu, hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wanaishi nao hivyo hivyo.

Sasa fikiria nyumba moja kati ya hizo. Mzee anatetemeka. Jirani anasema amerogwa. Mwingine anasema ni kiharusi. Wengi wanasema ni uzee tu, mwacheni. Na majibu yote matatu mwisho wake ni mmoja: anakalishwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na Parkinson, na kwamba idadi ilikuwa imeongezeka maradufu ndani ya miaka 25. Sisi tunazeeka zaidi kuliko wazazi wetu walivyozeeka, kwa hiyo tutawaona wengi. Wataalamu wa fiziotherapia hawapo kila kata, na dawa nazo zinahitaji hela kila mwezi. Lakini ukumbuke yule msaidizi wa kule London. Naye hakuwa na mashine. Alikuwa na mikono miwili, na alikuwa amemsoma mgonjwa wake akamjua.

9/9

Kwa hiyo nyumbani tufanyeje? Kwanza, kama dalili hizi unaziona na hajawahi kupimwa, mpeleke hospitali. Si kila kutetemeka ni Parkinson, na daktari ndiye wa kusema. Kama ana ugonjwa wa moyo, presha, au kizunguzungu akisimama, uliza kwanza kabla ya mazoezi ya nguvu. Na ukipata nafasi ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia hata mara moja, itumie vizuri: muombe akufundishe WEWE, na uchukue video kwa simu.

Kisha:

- Zoezi liwe saa dawa imeshika, siyo saa inakaribia kuisha.

- Kunyanyuka kwenye kiti. Asogee ukingoni, miguu irudi nyuma kidogo, pua ielekee mbele ya vidole vya miguu, asimame. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Usimvute mikono. Simama karibu tu.

- Kutembea, wengi huambiwa walenge dakika 30, angalau siku 3 kwa wiki. Kama hawezi, gawa: dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Mwambie "hatua kubwa baba", usimwambie "haraka". Ukisema haraka, hatua zinazidi kuwa fupi.

- Miguu ikiganda, hasa mlangoni: asimame, apumue, ayumbe kulia na kushoto, ahesabu, aondoke. Unaweza kuchora mistari ya chaki pale anapogandia kila siku. Au weka mguu wako mbele yake sakafuni auvuke.

- Muziki. Kwaya, kaswida, taarabu, dansi la zamani, chochote anachokipenda chenye mdundo wa kueleweka.

- Siku mbili tatu kwa wiki afanye mazoezi ya nguvu na mizani: kusukuma ukuta kwa mikono, kusimama kwa visigino na vidole huku ameshika meza, kugeuka kwa hatua badala ya kujizungusha papo hapo.

- Ondoa kinachoangusha: mkeka unaoteleza, waya sakafuni, kandambili zilizoisha.

- Na kazi zake ndogo mrudishie. Kuchambua mboga, kumwagilia bustani, kukunja nguo. Itachukua muda mrefu. Acha ichukue.

Najua utauliza, muda wa kukaa na babu naupata wapi, nina kichanga na ugali uko jikoni? Kweli kabisa. Ndiyo maana nakwambia watumie wajukuu. Mtoto wa miaka 6 anajua kuhesabu. Mwambie: "Nenda katembee na babu mpaka kwenye mwembe na kurudi. Wewe ndiye unahesabu hatua." Mtu mzima awe anawaona. Mtoto atahesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili, na babu atafuata sauti, na hakuna kati yao atakayejua kwamba hiyo ni tiba.

Yule binti aliyemleta baba yake kwangu, sikupata nafasi ya kumwambia haya. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi.

Haya, niambieni hapo chini: mzee wenu leo amesimama mwenyewe mara ngapi? Kesho tutaongea habari ya sauti inayopungua na chakula kinachopalia, kwa sababu navyo vina mazoezi yake.

Muuguzi wenu.